Banki Lambert na Mkristu Aliyesoma



Kuna neno linalosemwa siku hizi katika vijiji vyetu, toka Masisi mpaka Walikale, na wanaolisema hulisema kwa majivuno: "Kijana yule amesoma mambo ya banki, na sasa ana banki yake nyumbani." Mama yake husikia na kufurahi. Majirani humwita Bwana Banki. Siku ya Jumapili apewa kiti cha mbele kanisani. Mimi nasema kwamba neno hilo ni la aibu, na kwamba wengi wa vijana hao, ambao wazazi waliuza mbuzi na mashamba ili wasome, wamerudi kutula. Najua kuna watakaokasirika. Wakasirike, lakini kwanza wasome mpaka mwisho.

Hiyo banki ya nyumbani ndiyo ile inayoitwa Banki Lambert. Jina ni lile la banki ya matajiri ya Brussels ya siku za zamani, lakini mchezo ni wetu wenyewe. Haina kibao mlangoni, haina karani, haina ruhusa ya serikali. Mtu ana fedha ndani ya kopo. Mwenye shida aja usiku ili asionekane. Apewa franka 100,000, na mwezi ukiisha yampasa kurudisha 130,000. Mahali pengine 140,000. Mahali pengine 150,000. Akiwa mwalimu wa shule, aacha rehani kadi yake ya banki pamoja na namba ya siri. Siku ya mshahara, mwenye kukopesha huenda mwenyewe mahali pa kulipia, huchukua chake kwanza, na mwenye kufundisha watoto mwezi mzima hupokea mabaki. Akiwa mkulima, aacha karatasi ya shamba. Akiwa mama anayeuza unga wa mihogo, aacha vitenge vyake.

Chukua kalamu, msomaji, tufanye hesabu. Deni la franka 100,000, riba ya 50 kwa mia kila mwezi. Kama mwenye deni hakulipa kitu, na riba ikaongezwa juu ya deni, mwezi wa pili ni 225,000, mwezi wa tatu ni 337,500, na mwezi wa sita ni zaidi ya 1,139,000. Kwa nusu mwaka tu deni limezaa mpaka likawa mara kumi na moja. Ni ng'ombe gani wa Masisi azaa namna hiyo?

Sisemi mambo ya kusikia. Mwaka mmoja mtoto wetu wa pili alishikwa na homa kali, akalazwa, na fedha zilitakiwa siku ileile. Nikakopa 60,000 kwa mtu wa kijiji chetu, Mkristu kama mimi. Nikarudisha 90,000, na kwa kuwa nilichelewa majuma mawili, alichukua pia mbuzi jike wetu mmoja. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, na mtu yule sina kinyongo naye. Lakini juma lililofuata nilikuwa nawafundisha watoto wa Komunyo ya kwanza amri ya saba, na binti yake alikuwa ameketi mbele yangu. Nikatafuta mfano wa wizi wa kuwaeleza, nikaona haya, nikataja mwizi wa kuku.

Sasa niwaambie habari za rafiki yangu, maana yeye ndiye aliyenifanya niandike. Tulisoma pamoja katika seminari ndogo. Mimi niliendelea kidogo, nikafika falsafa, nikaacha, nikawa katekista. Yeye alikwenda Goma kusoma biashara na fedha, akapata shahada, akaingia kazi ya banki, akakaa huko karibu miaka minane. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, mabanki yalifunga milango. Watu wenye fedha zao ndani walikaa miezi mingi bila kuzifikia, na wafanyakazi wakakosa kazi. Yeye akarudi nyumbani. Jina lake silitaji, wala jina la banki.

Jioni moja tuliketi barazani kwake, naye akaanza kuipima ile miaka minane, kama mtu apimavyo njia aliyoipita.

"Mwalimu," alisema, "kule tulifundishwa kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa mkopo. Huyu mtu ni nani? Atalipa kwa kitu gani? Na akishindwa, tutafanyaje bila kumwangamiza? Mwenye mshahara hatukuruhusiwa kumkata zaidi ya theluthi moja, maana lazima ale. Mwenye deni mahali pengine tulimkataa, hata akilia. Na jioni hesabu ilipaswa kulingana. Ikikosa franka moja, hakuna aliyekwenda nyumbani."

Akanieleza habari za mjane mmoja aliyenunua jibini huku milimani Masisi na kuiuza Goma. Mkopo wake wa kwanza ulikuwa mdogo hata mkubwa wake wa kazi alicheka. Mjane akalipa, akaomba wa pili, akalipa, na baada ya miaka mitatu alikuwa na wasichana wawili wa kumsaidia. "Siku zile niliipenda kazi," alisema. Na uovu wa banki pia hakuuficha. Mkubwa alipiga simu, na mkopo ukatoka pasipo maswali matatu, wala haukurudi. Mdogo akichelewa siku tano, walimfuata kwake na karatasi za mwanasheria.

Nikamwuliza, "Na hapa kijijini, ndugu, wauliza maswali mangapi?"

Akacheka. "Moja tu. Kadi iko wapi?"

Basi, wasomaji, jibu lile limenikaa moyoni kama mwiba. Kama angekuwa mtu asiyejua, ningesema: Ee Mungu, umsamehe, hajui atendalo. Lakini huyu ajua! Ajua theluthi, ajua kwamba mwenye deni mbili hapewi la tatu, ajua hesabu ya riba kuliko sisi sote. Elimu ile yote aliiacha njiani kama mzigo usiofaa, akabaki na kitu kimoja tu, yaani njia ya kuzidisha fedha. Huyu ndiye ninayempinga leo, yeye na wenzake. Mchoyo wa zamani asiyejua kusoma atajibu kwa Mungu mwenyewe.

Alijitetea, nami nimeahidi kuyaandika maneno yake bila kuyapunguza. Kwanza alisema hamlazimishi mtu. Wanakuja kwa miguu yao. Pili, hatari ni kubwa: leo mwenye deni yuko, kesho milio ya bunduki, kesho kutwa yuko kambini au amekimbilia msituni, na fedha zimekwenda naye. Tatu, mabanki makubwa nayo hutoza riba, na hakuna padri anayeyahubiri. Nne, hapa akatabasamu, maana alijua anaongea na mseminari, Bwana wetu mwenyewe katika mfano wa talanta alimkaripia mtumishi ambaye hakupeleka fedha kwa watoa riba.

La kwanza si kitu. Mama ambaye mtoto wake anatetemeka kwa homa hana hiari. Aja kwa miguu yake kama vile mtu anayezama ashikavyo ukuti.

La pili lina ukweli ndani yake, nami sitaki kulipita mbio. Eklezia haisemi kwamba kila faida juu ya mkopo ni dhambi. Baba Mtakatifu Benedikto wa 14, katika barua yake kwa Maaskofu wa Italia ya mwaka wa 1745, alikataza kudai faida kwa sababu ya mkopo peke yake. Lakini alikubali kwamba pembeni ya mkopo zaweza kuwako sababu nyingine za haki, na wanateolojia huzitaja hasara ampatayo mwenye kukopesha na hatari ya kupoteza mali. Basi hatari hulipwa, nakubali. Lakini hatari gani iko katika kadi ya mwalimu? Kadi iko ndani ya kopo lako, namba ya siri iko kichwani mwako, mshahara unaupokea kabla yake! Mkulima atakimbia vita, kweli, lakini shamba lake halikimbii, nalo karatasi yake iko kwako. Hatari yote umeiweka juu ya mgongo wa maskini, kisha wamtoza bei ya hatari hiyo. Soma kitabu cha Nehemia, sura ya 5. Wayahudi waliweka rehani mashamba, mizabibu na hata watoto wao kwa ndugu zao wenyewe, na Nehemia akakasirika, akawaita wakubwa mbele ya watu wote, akawaamuru warudishe. Riba iliyotajwa pale ni sehemu moja ya mia. Moja! Sisi tumefika hamsini, nasi twakaa kimya.

La tatu ni kweli nusu. Banki hutoza riba, na wakubwa wa mabanki nao watahukumiwa. Lakini uovu wa banki hauwi leseni ya uovu wako, na riba ya banki huhesabiwa kwa mwaka, yako kwa mwezi.

Na la nne? Ndugu yangu, sote wawili tulisikia mfano ule ukielezwa darasani, na wajua kwamba talanta si sarafu za kukopesha majirani, ni neema za Ufalme. Yule bwana mkali, mwenye kuvuna asipopanda, ni bwana kama mtumishi mvivu alivyomdhania. Wataka kuwa kama yeye? Afadhali usome Zaburi ile iulizayo ni nani atakayekaa hemani mwa Bwana, uone inavyosema juu ya mtu anayekopesha. Na Katekisimu ya Eklezia Katoliki, namba 2269, yawaweka watoza riba ambao biashara yao yaleta njaa na mauti kwa ndugu zao chini ya amri ya tano, si ya saba tu. Chini ya amri ya kutoua.

Sitaki kuwaonea wakopeshaji peke yao. Yuko mwenye kukopa kwa ajili ya bia ya matanga, au apate kununua simu kama ya shemeji. Huyo naye ana maungamo yake. Tena wazee wetu wana sababu ya kuogopa banki na kuficha fedha chini ya kitanda. Walio na miaka 60 na zaidi wakumbuka Noeli ya mwaka wa 1979. Tarehe 25 Desemba serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina thamani tena, na kwamba siku za kuzibadilisha ni chache tu. Huku msituni, mwenye noti zake alitembea siku ngapi mpaka mahali pa kubadilisha? Wengi walibaki na karatasi. Kisha ikaja miaka ya 1990, fedha ikaoza kama ndizi: mwaka wa 1993 zaire mpya moja ilichukua mahali pa zaire za kale 3,000,000, na mwaka wa 1998 franka moja ikachukua mahali pa zaire mpya 100,000. Mtu aliyeweka akiba maisha yake yote aliamka hana hata bei ya chumvi. Banki ikiwa haiaminiki, nchi ikawa na vita, Banki Lambert hupata shamba lenye rutuba. Na ajabu yenyewe ni kwamba ardhi yetu si maskini: bati ya Bisie na koltani ya Rubaya zimefika dunia nzima, kuna miaka ambayo ndege zilitua juu ya barabara huko Kilambo zichukue madini, lakini katika vijiji vyetu vingi hapakujengwa hata chumba kimoja cha kuweka akiba ya franka elfu tano.

Je, hakuna njia nyingine? Wakristu wengine walipatwa na neno hilihili kabla yetu. Huko Kanada, mwaka wa 1897, mtu mmoja jina lake Alphonse Desjardins alikuwa mwandishi wa maneno yasemwayo bungeni Ottawa. Siku moja akamsikia mbunge akieleza habari za mtu wa Montréal aliyekopa dola 150, akahukumiwa kulipa riba ya dola 5,000. Kazi yake ilikuwa kuandika tu. Angeweza kufunga daftari na kwenda kula. Lakini neno lile halikumwacha. Alisoma miaka mitatu juu ya vyama vya akiba vya Ulaya, na Desemba 1900, mjini kwake Lévis, akaanzisha chama cha akiba na mikopo pamoja na majirani. Siku ya kwanza ya kupokea fedha, Januari 1901, walikusanya dola 26 na senti 40. Fedha ya kwanza kabisa ilikuwa senti 10! Alipokuwa Ottawa kazini, mke wake Dorimène aliangalia hesabu nyumbani. Mapadri wakapeleka habari hiyo parokia kwa parokia, na vyama vikaenea Quebec yote. Na hapa Afrika, mwaka wa 1955, Padri John McNulty alianzisha chama cha namna hiyo katika misioni ya Jirapa, kaskazini mwa Ghana, nchi ya wakulima maskini kama sisi.

Hata huku kwetu jambo si geni. Mama zetu wana likelemba, na vyama vya akiba vya kijiji, vyenye sanduku la kufuli tatu na watu watatu wa kushika funguo, vimefika kwetu, kwa mfano wa wale wanawake wa Niger walioanza mwaka wa 1991. Mkopo una riba pale pia, lakini riba hurudi ndani ya sanduku, na mwisho wa mwaka wenyewe waliokopa hugawiwa. Mama asiyejua kuandika jina lake akumbuka hesabu ya kila mmoja kwa kichwa. Kinachowapata ni hiki: sanduku likikua, hesabu huwazidi, daftari huchafuka, watu hugombana, chama hufa. Wanamhitaji mtu aliyesoma. Na mtu aliyesoma yuko nyumba ya pili, ameketi juu ya kopo lenye kadi!

Hapa nasema neno kwa ajili yetu sisi wenye kazi katika Eklezia. Mabati ya kikanisa fulani yalinunuliwa na mtoza riba, nasi tukampigia makofi. Siku ya mavuno zaka yake hutajwa kwa sauti. Ni nani aliyeuliza mabati yale yalitoka katika mshahara wa nani? Tumemfundisha mkopeshaji kwamba dhambi yake ina bei, nasi ndio wapokeaji.

Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Eklezia ilimtangaza Mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma. Alisoma sheria, akapata kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Walimletea fedha ili aache chakula kilichoharibika kiingie sokoni, naye akakataa. Mwezi wa Julai 2007 wakamwua, akiwa na miaka 26. Picha yake sasa imebandikwa katika nyumba nyingi. Nimeiona pia ukutani kwa rafiki yangu, juu ya meza anayohesabia. Nilimwambia, "Ndugu, ama shusha picha ama shusha kopo." Hakujibu.

Nimeandikia Baraza la parokia yetu, nikaomba mambo mawili yazungumzwe katika mkutano ujao: kwamba yeyote anayeshika kadi ya mwalimu asiwe mjumbe wa Baraza mpaka amezirudisha, na kwamba kila shirika lililo na sanduku la akiba litafutiwe kijana mmoja aliyesoma hesabu, awe mwandishi wake. La kwanza limewaudhi watu wawili tayari. Mmoja wao ni yule aliyechukua mbuzi wangu.

Ukurasa huu nimempa rafiki yangu ausome kabla ya kuutuma. Aliusoma mara mbili, akiwa na kalamu mkononi, kama alivyozoea kule banki. Akasema hesabu yangu ni sahihi, ila yeye hatozi 50, hutoza 40, naye ataka iandikwe hivyo. Nimeandika. Kisha akaniuliza chama cha akina mama kule mtoni hukutana siku gani. Nikamwambia, Alhamisi baada ya soko. Kadi, nilipoondoka, zilikuwa bado ndani ya kopo, kumi na moja, na moja ni ya mwalimu anayemfundisha mtoto wangu kusoma.